Barua ya wazi: Rangi ya Msimbazi inayobaki kwenye chujio

Kwenu Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Na wakurugenzi wa halmashauri zote za Dar es Salaam ambazo Mto Msimbazi na vijito vyake vinapita.

Waheshimiwa, salaam sana.

Mimi ni mtengeneza batiki. Kazi hii nimeifanya miaka 19, nyuma ya nyumba yetu, ndani ya Bonde la Msimbazi, mahali ambapo ukimwaga ndoo ya maji mtaroni hayamalizi dakika mbili kabla ya kufika mtoni. Oda za batiki zikipungua natia rangi ukindu wa mikeka, kazi niliyorithi kwa mama yangu aliyetoka nayo Rufiji. Nalisema hili mwanzoni ili mjue kwamba anayewaandikia naye yumo miongoni mwa wanaoutia rangi mto huo.

Masika iliyopita mtaro wetu uliziba. Tulishuka watu wanne na makoleo, tukitegemea kukuta chupa na nepi. Zilikuwepo. Lakini kilichokuwa kimeufunga mtaro kama kizibo ni bonge la nyuzi za sandarusi, zile za viroba vya unga na mchele vinavyochakaa juani mpaka vinakuwa kama manyoya. Jirani yangu alilivuta likatoka zima, akalisuuza kwenye maji yaliyokuwa yakipita ili aone limebeba nini. Matope yakaondoka, rangi ikabaki. Kulikuwa na uzi wa zambarau, wa kijani, wa waridi iliyokolea, na viroba vyote tunavyotumia mtaani kwetu ni vyeupe. Zambarau ile niliitambua. Nilikuwa nimeichemsha mwenyewe wiki mbili kabla, kwa mikeka ya harusi.

Jambo lile lilinikaa moyoni. Nikakata kipande cha kiroba kipya, ukubwa wa kiganja, na kingine cha kiroba kilichokaa misimu miwili juu ya banda la kuku. Vyote viwili nikavitumbukiza usiku kucha kwenye ndoo moja ya maji ya zambarau yaliyobaki baada ya kutoa ukindu. Asubuhi nikavisuuza maji matatu. Kile kipya kilirudi cheupe, kikabaki na kivuli cha rangi pembeni palipokatwa na mkasi. Cha zamani kilikuwa zambarau kabisa, na sabuni ya mche haikukibadilisha. Nilipokifikicha kati ya vidole kilisagika, kikaniachia kiganjani vumbi la zambarau. Nikautia mkono kwenye beseni la maji safi. Vumbi lile likaelea, na maji yakabaki meupe.

Mtoto wa kaka yangu anasoma kemia chuoni. Nilimpelekea vipande vile nimevifunga kwenye gazeti. Akavigeuza geuza, akaniambia, "Shangazi, hili jaribio watu wanalifanya maabara, na wanaliandikia." Akakaa nami jioni nzima akinieleza, na tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata. Nawaeleza nilivyoelewa, kwa kuwa ombi langu lote limesimama hapo.

Plastiki mpya ina uso laini unaokataa maji, na hauna pa kuishikia rangi kama yangu. Jua likiipiga kwa miezi, mionzi ya urujuanimno hukata minyororo yake. Oksijeni ya hewani inajipachika kwenye majeraha hayo, uso unafanya nyufa na kupata chaji hasi. Sasa, rangi za unga za kutia ukindu, zile tunazopimiwa kwa kijiko dukani, nyingi ni za ukoo ambao molekuli zake zikiyeyuka zinakuwa na chaji chanya. Hasi na chanya huvutana, rangi inanata. Wanaopima mambo haya maabara hutumia sana rangi za ukoo huo huo: methilini ya buluu, malakaiti ya kijani, rodamini, zambarau ya kristali. Wamekuta nilichokiona kwenye ndoo yangu, kwamba plastiki iliyochakaa hushika rangi za namna hii zaidi ya plastiki mpya.

Hapo nikaikumbuka kostiki. Batiki ya namna yangu huwezi kuitengeneza bila kostiki soda na haidro, unga unaosaidia kuyeyusha rangi, na maji yake yanayobaki ni makali kiasi cha kuchubua mikono. Katika maji ya namna hiyo uso wa plastiki iliyochakaa unazidi kuwa hasi, na mshiko wake kwa rangi chanya unaongezeka. Ndoo yangu ya batiki ikipita mtaroni asubuhi na ndoo ya ukindu ikafuata jioni, ya kwanza inakuwa imeiandaa plastiki kuipokea ya pili. Miaka yote nilidhani natupa maji machafu tu.

Kisha kuna suala la udogo. Plastiki huitwa maikroplastiki ikiwa vipande vyake ni chini ya milimita 5; jina hilo lilienea baada ya Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, na wenzake kulitumia mwaka 2004. Chukueni mchemraba wa plastiki wenye milimita 5 kila upande. Nyuso zake zote sita kwa pamoja ni milimita za mraba 150, hazitoshi hata kufunika ukucha wa dole gumba. Ukatakateni mpaka kila kichemraba kiwe na upande wa milimita 0.05. Mtapata vipande milioni moja, na nyuso zake zote kwa pamoja zitakuwa milimita za mraba 15,000, karibu sawa na kiganja changu pamoja na vidole vyake vyote. Plastiki ni ile ile na uzito wake ni ule ule, ila nafasi ya kubebea rangi imekuwa mara 100. Ndiyo maana chupa nzima inayoelea hainitishi kama lile vumbi la kwenye beseni.

Wala si rangi peke yake inayopanda humo. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walipima punje za plastiki zilizookotwa ufukweni, wakakuta sumu za viwandani za jamii ya PCB zimejikusanya juu yake hadi kufikia mara laki moja mpaka milioni moja kuliko kiwango kilichokuwa kwenye maji ya bahari yaliyozizunguka. Zile sumu zinashika kwa njia nyingine, kwa kuyakimbia maji, lakini funzo linatuhusu: ukipima maji peke yake unaweza kuona kidogo sana, huku mzigo wenyewe uko kwenye chembe.

Sasa nije kwenye kipimo chenu.

Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zimeweka kikomo cha rangi kwenye majitaka yanayoruhusiwa kuingia kwenye mazingira. Kikomo hicho ni vizio 300 vya rangi halisi. Neno "halisi" pale lina maana yake maalumu ya maabara: sampuli inachujwa kwanza, kila kinachoelea ndani kinaondolewa, halafu maji yaliyopita kwenye chujio ndiyo yanayopimwa rangi. Sina ugomvi na waliotunga kipimo hicho. Walitaka matope yasihesabiwe kuwa rangi, na kwa kijito cha mlimani chenye udongo mwekundu ni busara. Lakini Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya viwanda, machinjio, gereji, madobi na sisi wa batiki, na kila mtaa unauongezea viroba na nyavu zilizochakaa. Katika mto kama huo, sehemu ya rangi imeshahama kutoka kwenye maji kwenda kwenye plastiki kabla chupa yenu haijafika. Mnapochuja, rangi hiyo inabaki kwenye karatasi ya chujio. Karatasi inatupwa kwenye pipa la taka la maabara, na kinachoandikwa kwenye ripoti ni usafi wa maji yaliyopita.

Naweza kuwaeleza hata hatua inayotangulia hiyo, kwa kuwa niliiona. Miaka mitatu iliyopita walikuja maafisa wa ofisi moja kuchukua sampuli kwenye mtaro wetu. Walikuwa na adabu, walijitambulisha kwa mjumbe, walivaa glovu. Kijana mmoja alichutama ukingoni, na kabla ya kuzamisha chupa akapangua kwa mkono taka zilizokuwa juu: nyuzi, vipande vya nailoni, povu. Alipopata nafasi safi ndipo akaizamisha. Alikuwa anafuata mafunzo yake, simlaumu. Ila alichokisukuma pembeni ndicho kilichokuwa kimebeba zambarau yangu. Majibu ya sampuli ile hatukuletewa, na hata yangeletwa sasa najua yangenisifu.

Kuna atakayesema kwamba matope nayo hushika rangi, tena kwa kuwa ni mengi yanaishika kuliko plastiki yote ya mto mzima. Ni kweli, na sitaki kuikuza plastiki kupita kiasi chake. Tofauti iko katika safari. Matope hutuama, ukiyakuta Kigogo leo, mpaka mvua kubwa ije mengi yatakuwa Kigogo. Sandarusi ni polipropilini, nailoni ya mfuko ni poliethilini, na zote mbili ni nyepesi kuliko maji. Chembe zake zinapita Jangwani, zinapita chini ya Daraja la Selander, nyingine zinanasa kwenye mizizi ya mikoko pale mdomoni, nyingine zinaingia baharini zikiwa na mzigo wake. Na pale mdomoni mto unapokutana na chumvi, sodiamu inashindana na rangi kugombea zile nafasi hasi, hivyo sehemu ya rangi inaweza kuachia. Plastiki inakuwa kama daladala: imepakia juu Vingunguti, inashusha kwenye mazalia ya samaki.

Na tofauti ya pili ni kwamba chembe zinaliwa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, na plastiki ilithibitishwa ndani ya matumbo ya samaki mmoja kati ya kila watano, kwa sangara na kwa sato vilevile. Hapa pwani, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima mchanga wa fukwe na kombe katika maeneo mbalimbali ya Tanzania. Mchanga uliokuwa na chembe nyingi kuliko wote ulitoka Mtoni Kijichi, karibu chembe 3,000 kwa kilo moja ya mchanga mkavu. Kombe hachagui, anavuta maji, anachuja, anameza kinachobaki. Maji yakichujwa maabara karatasi inatupwa, lakini kombe hana pa kuitupa yake, na kombe tunamla mzima pamoja na tumbo lake.

Tumboni mambo yanabadilika. Watafiti wa Plymouth mwaka 2014 walionyesha kwamba kemikali zilizonata kwenye plastiki zinabanduka haraka zaidi katika hali inayofanana na ya tumboni kuliko kwenye maji ya bahari, kwa baadhi ya kemikali hadi mara 30. Wao hawakupima rangi zangu za ukindu. Lakini rangi iliyonata kwa chaji inasikia mabadiliko ya ukali wa maji, na tumbo lina asidi.

Mnajua kwa nini malakaiti ya kijani hairuhusiwi kwa samaki wa kuliwa katika nchi za Ulaya? Ni dawa nzuri ya kuua ukungu kwenye mayai ya samaki, wafugaji waliipenda. Ikiingia mwilini mwa samaki inabadilika kuwa umbo lisilo na rangi kabisa, na umbo hilo linakaa kwenye nyama yake kwa muda mrefu. Mnunuzi anamwangalia samaki, anamwona mweupe, mzuri. Na zipo rangi za jamii ya azo, ambazo ni nyingi kuliko jamii nyingine yoyote kwenye biashara ya nguo. Baadhi yake zikivunjika, hasa kwenye matope yasiyo na hewa, hutoa kemikali ziitwazo amini za kunukia, na miongoni mwa hizo iko benzidini inayosababisha saratani. Tangu mwaka 2002 Umoja wa Ulaya umeziorodhesha amini 22 za namna hiyo na kuzuia nguo ambazo rangi yake inaweza kuzitoa kuzidi miligramu 30 kwa kilo. Mimi rangi zangu nazinunua kwenye mfuko wa nailoni usio na jina wala nembo. Nikimuuliza muuzaji ni ya ukoo gani, ananijibu, "Mama, hii ni nyekundu." Hana zaidi ya hilo, kwa sababu na yeye hakuambiwa.

Sidai kwamba kuna mtu wa mtaani kwetu aliyeugua kwa sababu ya zambarau yangu. Ninachodai ni kipimo. Mwaka 1999 watafiti wa Dar es Salaam walipima mboga zilizolimwa kando ya Msimbazi na Sinza, wakaandika kiasi cha kadimiamu, risasi, shaba na zinki walichokikuta. Tangu hapo mtu akizungumzia mchicha wa bondeni anaanzia kwenye namba. Kwenye rangi iliyopanda plastiki, bado tunaanzia kwenye beseni langu.

Ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, halihitaji jengo wala mtambo mpya. Msiitupe karatasi ya chujio. Sampuli inapofika maabara, maji yapimwe kama kawaida, halafu kilichobaki kwenye chujio kilowekwe kwenye spiriti ili rangi itoke, na spiriti hiyo isomwe kwenye spektrofotomita, mashine inayopima rangi kwa mwanga na ambayo maabara zinazopima rangi za maji wanayo tayari. Zitakuwa namba mbili badala ya moja: rangi iliyomo majini na rangi iliyobebwa. Na mwendapo mtoni, pamoja na chupa chukueni wavu mwembamba, ule wa matundu ya theluthi moja ya milimita ambao watafiti wa plastiki huutumia, muukinge juu ya maji kwa muda uliopimwa. Msipangue kitu. TBS wakitaka kulitia hili kwenye kiwango rasmi itachukua muda, naelewa, lakini bodi ya bonde inaweza kuanza nalo kwa hiari yake kwenye vituo vichache: juu karibu na Pugu, katikati, na chini Selander. Kiangazi na masika. Mwaka mmoja ungetosha kuonyesha kama mimi nababaika bure.

La pili linatuhusu sisi wadogo, na hapa naomba mnisikilize kwa huruma. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nyumba yetu naijua ilipo. Majirani zangu wameniambia nikiandika barua hii najichongea, na kwamba siku ya pili nitaamka nikute X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Huenda. Lakini mkituhamisha bila kutupa pa kumwagia maji, tutachemsha rangi Mbagala au Goba, kwenye mtaro mwingine unaokwenda bahari ile ile. Nimejaribu kufanya ninachoweza. Rangi za batiki tunazoziyeyusha kwa kostiki na haidro zina tabia nzuri moja, kwamba ukiziacha wazi usiku hewa inazirudisha kuwa punje zisizoyeyuka na zinatuama chini ya ndoo kama lami. Kwa hiyo simwagi tena jioni. Nasubiri hadi kesho yake, nachota maji ya juu, tope nalibakiza. Zile za ukindu hazituami, basi nimechukua pipa, nikalijaza mchanga na mkaa uliopondwa, nikazipitisha humo. Maji yanatoka yamefifia sana. Sasa nina ndoo mbili za tope na mkaa wenye rangi uani kwangu, na sina pa kuzipeleka. Nikiliambia gari la taka lichukue, litakwenda kumwaga dampo la Pugu Kinyamwezi, upande ule ule mto unakotokea.

Tunachoomba ni sehemu moja kwa kata: matangi mawili na paa, ambapo watia rangi wote wa jirani wataleta tope lao, na halmashauri itawajibika kulipeleka mahali salama. Tozo tutalipa. Mimi nitalipa, na wenzangu kumi na mmoja niliozungumza nao wamesema watalipa kama haizidi bei ya paketi ya rangi kwa mwezi.

Kuhusu sandarusi: marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 nilishangilia, na mtaa ulibadilika kweli. Vifungashio vya mazao na vyakula havikuguswa, na naelewa sababu yake, unga lazima ufungwe. Lakini kiroba kizima kina bei, mtu anakiokota na kukiuza. Kikishachanika hakina mwenyewe, na hapo ndipo kinapoanza kusagika. Wekeni bei kwa kiroba kilichochakaa. Wenye viwanda vya unga na mchele wachangie. Vijana wanaookota chupa wataokota na hivyo.

Viwanda vyenye vyumba vya kutia rangi na madobi wakubwa siwasemei mengi, vibali vyao mnavyo nyinyi. Naongeza kitu kimoja: nguo zenyewe ni plastiki. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba kufua kilo 6 za nguo za akriliki kunaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000, na kila uzi unatoka tayari una rangi yake ya kiwandani. Anayetia rangi na kufua kwa tani anaweza kuweka chujio la nyuzi kwenye bomba lake la kutolea maji, na kibali kinaweza kumlazimisha.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi. Tumeona kazi ikianza, na sisi ambao maji yametuingia hadi kitandani tunaiombea. Mradi ule umebuniwa kwa mafuriko: kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kutengeneza mahali pa maji kutulia. Mahali pa maji kutulia ndipo chembe nazo zitakapotulia. Kama patakuwa bustani ya watu kupumzika, basi udongo wake na upimwe kwa namna ninayoieleza kabla watoto hawajaanza kuuchezea, na nyavu chache na spiriti viingizwe kwenye bajeti ile. Ni gharama ndogo mno hata kutajwa.

Na majibu, tafadhali, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, namba mbili zile zikiwa pamoja. Kifungu cha 4 cha sheria yenu ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ubao ule unabandikwa matangazo ya chanjo na ya wapangaji wanaodaiwa taka. Nafasi ipo.

Vipande vile viwili ninavyo, nimeviweka kwenye chupa ya kioo juu ya kabati. Kimoja cheupe, kimoja zambarau, na miezi mitano sasa inatimia bila cha zambarau kufifia. Ndoo mbili za tope zipo uani, nimezifunika kwa bati mvua isiziingie. Mwenyekiti wetu wa mtaa anaijua nyumba. Ijumaa huwa sichemshi rangi, kwa hiyo siku hiyo naweza kuwapeleka mtaroni nikawaonyesha tulipolitolea lile bonge. Limeshaanza kujifunga jingine pale pale. Njooni na wavu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtengeneza batiki na mtia rangi ukindu,
Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam